Njia Mbili, Mtaro Mmoja

"Wewe hata redio ya baba ilikushinda," kaka yangu aliniambia, "sasa ndio utaongea na ndege?"

Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya mimi kurudi, katika sebule yake huko Juja, mbele ya mke wake na wageni wawili wa kanisa, nilipotaja kwamba natafuta kazi ya mawasiliano ya ndege. Wageni walicheka. Mmoja aliuliza kama ndege wenyewe ni kuku. Kaka akaongeza kwamba watu wa ng'ambo hurudi na masanduku makubwa na maneno makubwa, na kwamba mwaka haungeisha kabla hajanikuta nikiuza laini za simu pale stendi ya Thika. Nayaandika maneno haya kama yalivyosemwa. Sikuyasahau, wala sikukusudia kuyasahau.

Redio niliifungua kweli nikiwa darasa la tano, na kuirudisha kukanishinda. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Nilipokuwa mtu mzima nilienda Ghuba, Uarabuni, kupakia mizigo kwenye matumbo ya ndege, na hakuna aliyenishika mkono. Miaka mitatu nilibeba masanduku ya watu. Mwaka wa nne nilijiandikisha masomo ya jioni, nikatoka na diploma ya mitambo ya mawasiliano, nikiwa wa pili katika darasa lililojaa watu wa kila taifa. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka saba katika vyumba vya nyaya vya uwanja wa ndege, mahali penye baridi ya friji ambapo mtu anaweza kumaliza zamu nzima bila kuambiwa neno. Diploma hiyo iko ukutani kwangu Mugutha, ndani ya fremu, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi.

Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa akiingia. Nyumba niliijenga kwa simu, vyumba vitatu, nikituma pesa na kutumiwa picha. Nilipoondoka pale palikuwa shamba la mahindi na jirani mmoja. Niliporudi palikuwa na magorofa ya kupangisha pande zote na sikumjua mtu hata mmoja. Wazazi walikufa nikiwa huko. Mazishi ya mama niliyatazama kwenye simu, picha ikikwama kila mara, na jeneza likikaa hewani juu ya kaburi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nilijua kabisa kwa nini picha inakwama. Ndiyo kazi yangu. Kujua hakukusaidia.

Kazi niliipata mwenyewe. Kampuni ndogo ya ndege za mafunzo na za kukodi ilikuwa na kiwanja nje ya Thika, upande wa mashamba ya mananasi, na ofisi mjini Ruiru. Sauti za marubani zilinaswa na mlingoti kule kiwanjani, kisha zikasafiri kwa waya wa shaba hadi Ruiru, kwa mama mmoja mwenye vipokea sauti masikioni ambaye alisimamia safari zote. Wezi walikuwa wakiukata ule waya kila baada ya miezi michache. Nikawaambia wakubwa wa kampuni kwamba siku za shaba zimekwisha. Sauti sasa hupelekwa kwa itifaki ya intaneti: inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinaandikwa anwani ya kule kinakokwenda, halafu vinaunganishwa upande wa pili. Taarifa ya hali ya hewa ikipotea njiani, mtambo huituma tena mpaka upande wa pili useme imefika. Sauti haina nafasi hiyo. Kipande cha sauti kikichelewa kinatupwa, kwa sababu rubani hawezi kungoja.

Mkubwa wao alinisikiliza, akasema, "Siku thelathini. Sauti isikatike hata mara moja. Ikikatika, naita ile kampuni kubwa ya Nairobi."

Akiba yangu yote ya Ghuba iliingia kwenye mitambo ile. Ningeshindwa, ningerudi kubeba masanduku, na kaka yangu angekuwa amesema kweli.

Niliomba laini mbili za faiba, kebo za kulazwa ardhini, kutoka kwa kampuni mbili tofauti, ili moja ikifa nyingine ibebe. Nilijisifu kwa ajili ya hizo njia mbili. Nilimwambia kaka kwa simu, nikamwambia fundi wa kuchomelea vyuma pale Ruiru, nikamwambia hata mama anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe karibu na lango langu, ambaye hakuwa ameuliza.

Kila asubuhi saa mbili nilikuwa kwenye kile chumba kidogo chini ya mlingoti, nikibonyeza kitufe cha laini ya Ruiru.

"Ruiru, hapa kiwanjani. Nipime sauti."

"Kiwanjani, hapa Ruiru. Nakusikia tano."

Tano ni sauti safi kabisa, moja ni kelele tupu. Yule mama hakupenda porojo. Alisema tano yake, akarudia saa ya kupimana kesho niliyomtajia, akafunga. Siku nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Kurudia ndiyo desturi ya kazi hii. Ukimwambia rubani apande futi elfu saba, anakurudishia: napanda futi elfu saba. Asiporudia, huna hakika kwamba amekusikia. Nimewasikiliza watu wa namna hiyo kwenye mitambo miaka mingi hata tabia ikaniingia. Mama wa githeri aliniambia siku moja, "Imeisha, njoo kesho saa sita." Nikamjibu, "Imeisha, nije kesho saa sita." Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kwani unanichezea, baba?"

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, mwanafunzi msichana alikuwa hewani peke yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa chumbani namsikia kwenye spika. Aliita Ruiru, akataja mahali alipo. Kimya. Akaita tena. Niliangalia mitambo: taa ya njia ya kwanza ilikuwa nyekundu, na ya njia ya pili pia ilikuwa nyekundu.

"Ruiru, mnanisikia?" Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Kuna mtu?"

Mimi sina leseni ya kuongea na ndege. Nilikaa pale, mkono juu ya kitufe cha kuongea na ndege, nisichoruhusiwa kubonyeza, nikimsikiliza mtoto wa watu akiuliza kama kuna mtu. Kisha nikakimbia nje nikamwita mwalimu wake, akachukua redio ya mkononi na kumshusha taratibu. Msichana alitua salama. Alipopita karibu nami hakunitazama.

Nilipanda bodaboda kufuata nyaya. Kabla ya kufika Juja nilikuta tingatinga likichimba msingi wa gorofa kando ya barabara, na kwenye meno yake zilining'inia kebo mbili, nyeusi na ya manjano, zimekatika pamoja. Dereva alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashine akinywa soda.

"Hizo kebo ni za nani?" nikauliza.

"Za kila mtu, boss. Mtaro ni mmoja. Huyu alichimba, yule akalaza yake juu. Nani atachimba mara mbili kwa haya mawe?"

"Lakini mimi nilinunua njia mbili."

Alinihurumia, nafikiri. "Ungekuja kuuliza. Sisi watu wa kuchimba tunajua yote iliyo chini."

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimetazama ramani mezani na bili mbili zenye nembo mbili, nikaona inatosha. Mtu mwenye diploma hatembei barabarani akiuliza wachimba mitaro. Hilo ndilo kosa langu, na sitalipunguza.

Jioni ile mama wa Ruiru alinipigia simu ya kawaida. "Nimeita mara sita," alisema. "Sita! Naongea na ukuta na mtoto yuko juu."

"Umeita mara sita," nilisema.

Mkubwa wa kampuni alinipa nafasi moja ya mwisho, siku thelathini zianze upya. Safari hii njia ya pili haingepita ardhini. Ingepita hewani, kwa dishi, kutoka mlingotini hadi juu ya gorofa fulani katikati, na kutoka hapo hadi ofisini. Nilitembea kwa miguu siku tatu kutoka Thika hadi Ruiru nikitafuta paa linaloona pande zote mbili. Nilipata moja tu. Lilikuwa paa la hosteli ya wanafunzi huko Juja, gorofa tano, na mwenye hosteli alikuwa kaka yangu.

Pesa zilikuwa zimekwisha. Sikuwa nimewahi kuomba kitu tangu nilipoondoka kwa baba, na wiki ile niliomba vitu vitatu. Fundi wa kuchomelea aliniazima ngazi yake ndefu. Mama wa githeri aliniazima betri kubwa ya sola yake, ili dishi lisizime stima ikipotea.

"Nikikosa taa nitajua ni wewe," akasema. "Nitakuja kubisha."

Kwa kaka nilienda mwisho. Alikuwa kwenye ngazi za hosteli akihesabu mitungi ya maji.

"Kwa hivyo njia mbili zilikuwa moja," alisema. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Zilikuwa moja."

"Na sasa unataka paa langu."

"Nataka paa lako. Siku thelathini."

Alimaliza kuhesabu mitungi yake kwanza. "Muru wa maitu," alisema, na tangu nirudi hakuwa ameniita hivyo, mtoto wa mama yangu. "Panda. Lakini ukitoboa paa langu likavuja, utalala chini ya hilo tobo."

Nililifunga dishi kwenye nguzo ya kuanikia nguo kwa klampu mbili za chuma. Kwa siku thelathini nilipanda pale kila asubuhi baada ya kupima sauti, kukagua betri na kukaza nati, kwa sababu upepo wa Juja husogeza dishi kwa upana wa kidole na upana huo unatosha kuua sauti. Kaka alianza kupanda na chupa ya chai. Alisema anakuja kulinda paa lake. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanikosoa: klampu imepinda, dishi linatazama makaburini, baba angefunga vizuri zaidi. Mara moja aliniambia nisogeze kushoto kidogo, nikasema, "Kushoto kidogo," akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Unaongea kama kasuku! Huko Ghuba walikufunza hivyo?"

Mama wa githeri naye alikuja kubisha Mugutha mara tatu, kuuliza betri yake inaendeleaje. Mara ya pili aliingia, akasimama mbele ya fremu. "Hii ndiyo cheti?" Nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Akasema ni nzuri, na kwamba nyumba inanuka kama hapapikwi kitu. Fundi alinipigia kila Ijumaa kuhusu ngazi. Simu yangu haijawahi kulia hivyo.

Siku ya ishirini na sita faiba ilikatwa tena, tingatinga lingine, karibu na mahali palepale. Nilikuwa juu ya paa. Niliona taa nyekundu kwenye simu yangu, nikampigia mama wa Ruiru.

"Unasikia ndege?"

"Nasikia tano," alisema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Siku ya thelathini mkataba ulitiwa saini. Nasema bila haya: hakuna mtu kutoka Thika hadi Ruiru aliyewahi kufanya kazi hiyo peke yake, nami niliifanya. Kampuni ilisimamisha mlingoti mpya kiwanjani, mrefu kuliko ule wa kwanza, unaoona Ruiru moja kwa moja, kwa hivyo sikuhitaji tena paa la mtu. Na mitambo mipya hujipima yenyewe kila dakika. Asubuhi ya mwisho ya kupimana sauti nilimwambia mama wa Ruiru kwamba kesho haitakuwa lazima. Akasema, "Kesho si lazima," akafunga.

Malipo ya kwanza yalipoingia nilichagua Jumatano moja nikarudisha vyote. Nilikodi pikapu. Kwa fundi nilipeleka ngazi, nikamlipa pesa taslimu achomelee upya vidato viwili vilivyokuwa vimelegea. Aliitazama, akasema sasa ni nzuri kuliko alivyonipa. Mama wa githeri nilimpelekea betri mpya kabisa, kubwa kuliko ile ya zamani. Alishukuru, akaifunika na gunia, akarudi kwenye sufuria yake. Hapakuwa tena na cha kuja kuuliza.

Kwa kaka nilipanda gorofa zote tano nikafungua dishi. Alipanda nyuma yangu, bila chai. Nilimpa bahasha ya kodi ya paa, siku zote nilizotumia, kwa bei ambayo angemtoza mgeni. Aliikataa, nikaiweka juu ya ndoo. Nilikuwa nimeapa sitabaki na deni la mtu yeyote aliyenicheka, na hapo deni likaisha. Nilifungua klampu ya kwanza. Ya pili ilikuwa imeshika kutu.

"Hiyo acha," alisema. "Nitafungia kamba ya nguo."

Nikaiacha. Nikabeba dishi begani nikaelekea kwenye ngazi.

"Sasa utakuwa ukija kufanya nini huku?" aliuliza.

Nilikuwa nimelipa kila kitu.

"Nitapita tu," nikasema.

"Lini?"

"Jumamosi."

Aliipigapiga ile klampu kwa kiganja, akipima kama itashika kamba.

"Utapita Jumamosi," alisema.