Kiitaliano Nilichokikana

Nianze na aibu yenyewe, maana nikizungukazunguka sitafika. Kwa mwaka mmoja na nusu nilimlea bibi mmoja Mwitaliano hapa Buffalo, Marekani. Nilisikia kila neno alilosema na nikalielewa, na binti yake aliponiuliza, "Mama anasema nini?" nikamjibu, "Sijui." Tena si mara moja, ni kila alipokuja. Nilisema sijui kwa uso mkavu kabisa, huku nakunja mataulo.

Kiitaliano nilikijua toka utoto. Mama yangu alipofariki kule kwetu, milima ya juu ya Kivu Kusini, baba alinishusha hadi kando ya ziwa, kwenye nyumba ya masere, yaani watawa wa kike, karibu wote Waitaliano. Nilikuwa na miaka sita, na nilikaa huko minane. Sisi ni Waprotestanti wa kupiga magoti na kulia kwa sauti, kwa hiyo baba alisemwa sana kanisani, lakini masere walikuwa na shule na uji, na baba hakuwa na mke. Bon. Mpishi wao alikuwa masere mnene mwenye vindevu vitatu kidevuni, Mungu amrehemu, na huyo ndiye aliyenilea jikoni. Alikuwa na redio ya kaseti iliyojaa mafuta kila kitufe. Mkubwa wao akiwepo, zilipigwa nyimbo za kanisa. Mkubwa akitoka tu, kaseti inageuzwa, na hapo ni mapenzi matupu! Wanaume wanawalilia wanawake, wanawake wanaapa kusubiri hadi kufa, na masere wangu anakanda unga na machozi yanamtoka. Nikimuuliza, "Masere, unamlilia nani?" ananichapa na kitambaa cha sahani. Ndivyo nilivyojifunza lugha ile, kwa kuimba nyimbo nilizokatazwa na kwa kufukuzwa jikoni mara tatu kwa siku. Hadi leo siwezi kusoma gazeti la Kiitaliano, lakini habari za mtu aliyeachwa na mpenzi wake nitakupa zote, na kiitikio juu.

Sasa kwa nini nilikikana? Kwa sababu ya dosye, yaani faili letu la ukimbizi.

Vita vilipotutawanya nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba hakuonekana tena. Nilimkuta mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, kambini ng'ambo ya mpaka, akiwa na watoto wake wanne. Siku ya kuandikishwa akaniandikisha kuwa mtoto wake wa kwanza. Kwetu huo si uongo, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na mimi nilikuwa namwita mama toka nijue kusema. Lakini fomu ya Wazungu inataka mama mmoja, yule aliyekuzaa, na kijiji kimoja ulichokulia. Basi ile miaka minane ya kwa masere ikafutwa.

"Bakikuuliza," mama mdogo aliniambia, kidole juu, "sema umekomalia nyumbani, umelelewa na miye. Luga? Kiswahili, Kinyamulenge, Kifaransa kidogo. Usiongeze kitu. Weye uko ile yenye iko mu dosye."

Aliyeishi kambini ananielewa. Tuliona familia ikirudishwa nyuma miaka kwa sababu mke alisema walikuwa na ng'ombe sita na mume akasema wanane. Jamani, ng'ombe walioibwa zamani! Kwa hiyo tulifanya mazoezi ya maisha yetu jioni, kama kwaya, kila mtu na sauti yake. Nilihojiwa mara tano katika miaka kumi na moja, na mara zote tano nilijibu vilevile. Mwisho mimi mwenyewe nilianza kusahau sura ya masere wangu.

Tulifikia Louisville, South End, na mama mdogo yuko huko hadi leo. Nilifunga maboksi ghalani miaka minne, nikaolewa, nikamfuata mume wangu Buffalo kwa kuwa ndugu zake walikuwa wamejaa mitaa ya Bailey. Huku nikasomea kozi fupi ya kulea wazee. Ejensi ya walezi ikanituma North Buffalo, mabasi mawili kutoka kwangu, kwa bibi mjane wa miaka tisini na kitu. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza na kile alichojifunza mwisho, yaani Kiingereza, na ulikuwa umekimaliza. Kiitaliano kilikuwa kimebaki kizima.

Siku ya kwanza nilipomvua soksi, alinitazama akaniambia kwa Kiitaliano kwamba mikono yangu ni baridi kuliko ya maiti. Kicheko kilinipanda. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakumbuka, nikaufunga. Binti yake alikuwa amesimama pale mlangoni, na mezani kwangu nyumbani kulikuwa na barua: maombi yako ya uraia yamepokelewa, subiri. Kwenye fomu ya ejensi, penye lugha, nilikuwa nimeandika zilezile tatu za dosye na Kiingereza. Nikajiuliza, je, huyu binti akishangaa akanisifia kwa ejensi, ejensi wakaniuliza nilikisomea wapi? Nani angejua mwisho wake? Leo nacheka, kicheko kibaya. Eti serikali nzima ya Marekani ingesimama kwa sababu mfanyakazi mmoja anajua nyimbo za mapenzi za Kiitaliano.

Binti mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mpole, anayeishi Columbus. Kila Jumamosi ya pili aliendesha gari mwendo wa saa tano kuja kumwona mama yake. Kiitaliano hakukijua. Baba yake alikipiga marufuku nyumbani, watoto wasije wakachekwa shuleni, binti akabakiwa na maneno ya chakula na matusi mawili. Alijaribu simu yake, hizi zinazotafsiri. Bibi hana meno, nusu anasema nusu anaimba, simu ikamwambia kwamba mama yake anazungumzia sabuni na askofu.

Na kila alipoingia, bibi alibadilika. Alijiinua kitini anatetemeka, uso mwekundu, akamwonyesha mlango kwa mkono mzima, akapiga kelele. Binti alirudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji. "Hata wewe anakufanyia hivi?" aliniuliza siku moja. Nikasema hapana, na hilo lilikuwa kweli.

Bibi hakumtambua, basi. Binti aliyekuwa kichwani mwake alikuwa na miaka saba. Alichokuwa anapiga kelele ni hiki: "Wewe mama, umekaa unafanya nini hapa? Watoto wametoka shule, theluji inaanguka, nenda mlangoni unitazamie mtoto wangu! Nenda, nenda!" Na binti alisikia anafukuzwa. Mimi niliyejua nimesimama katikati yao, na taulo mkononi.

Ngoja niseme na baya zaidi. Gari la binti likishaondoka, nilikuwa naongea Kiitaliano na bibi. Kutwa nzima! Nilimwambia supu ina chumvi, akaniambia mimi sijui chumvi. Nikamsimulia habari za masere, akacheka hadi akakohoa. Alipotulia alikaa dirishani akaimba wimbo mmoja wa zamani, wa mtu anayemngojea mpenzi wake mahali treni zinaposimama, na mimi nilikuwa naujua kutoka kwenye ile kaseti, nikampokea. Lakini yeye penye mpenzi alitia jina la binti yake. Kila ubeti. Kwa miaka mingi sikuwa nimepata raha ya namna ile, nakiri, na raha hiyo ilikuwa haki ya mtu mwingine. Nilikuwa naila peke yangu.

Hata kwangu nilijificha. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo naimba ule wimbo bila kujijua, na msichana wangu wa miaka kumi na miwili, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akanyanyua kichwa akauliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia si lugha, napitisha wakati tu. Akarudi kwenye simu yake. Mwanangu mwenyewe!

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja bibi alirusha kikombe. Hakikumpata binti, kilipasuka ukutani, lakini binti alikaa kwenye ngazi akalia na koti lake likiwa bado mwilini. Nikaokota vigae. Akaniambia labda yeye akikaa mbali mama atapata amani. Kisha akanitazama usoni. "Niambie ukweli. Uko naye kila siku. Hata neno moja hulipati?"

Mungu alinipa nafasi ile kwenye sahani. Nikasema, "No, madam." Akavaa viatu akaondoka. Tangu siku hiyo hakuja tena, alipiga simu tu kila Jumapili kuniuliza kama mama anakula.

Bibi alifariki mwezi wa pili, asubuhi, kabla ya uji wake wa saa nne. Kwenye mazishi binti alinikumbatia kwa nguvu, akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Akasema si kila mtu anaweza kumlea mwanamke ambaye mwishoni aliwachukia hata watoto wake. Hapo ndipo nilipaswa kusema, kaburi likiwa bado wazi. Nikapangusa machozi, nikamwambia Mungu akutie nguvu, nikaenda kukamata basi.

Mwezi wa tano tulikwenda Louisville kwa harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Watu walikuwa wengi, wali mwingi, nyimbo hadi sauti zikakauka. Kesho yake tukabaki jikoni mimi na mama mdogo tunapasha mabaki, na nikashindwa kuendelea kuibeba siri hiyo. Nikamweleza yote. Nikamwambia niliogopa kuharibu dosye, yangu na ya kwake.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Dosye gani?" akauliza. "Ile ya zamani? Eh, mtoto wangu! Kila mutu mu kanisa anajua uko wa dada yangu. Na ule avoka, wakili wa bakimbizi, mwaka wetu ya pili hapa, nilimwambia yote. Akasema haina tabu, akaandika barua, ikakwisha."

"Na hukuniambia?"

"Nilizani nilikwambia."

Haki ya Mungu, nilitaka kumrushia sufuria. Miaka kumi na zaidi nimebana mdomo kwa kitu kilichokwisha kwa barua moja, na yeye anadhani aliniambia! Nilimgombeza, nikalia, akaniacha nilie. Lakini mama mdogo ni mtu wa kwenda kwenye jambo. "Donc, ule mama wa Columbus," akasema nilipomaliza, "anajua mama yake alikuwa anasema nini?"

"Hapana."

"Mficha maradhi kilio humfichua. Unangoja afe na yeye? Columbus iko mu njia."

Kweli iko njiani. Tuliondoka Jumatatu. Mume wangu alibaki kwenye gari na watoto, mimi nikagonga. Binti alifurahi kuniona, akataka kunikaribisha chai. Nilikataa kukaa. Sikutaka kukalia kiti chake kabla hajajua nimekuja na nini.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa Kiingereza changu hiki, kwamba Kiitaliano nilikijua siku zote. Nilimwambia juu ya mtoto wa miaka saba, theluji, shule iliyotoka. Nikamwambia na wimbo, na jina lake lilikuwa linakaa wapi. Hakulia. Aliuliza maswali moja moja, sauti ya chini, kama anahakikisha orodha. Ile siku ya kikombe, mama alisema nini? Nikamwambia: alisema mtoto atapata baridi, na wewe umesimama tu. Na ile Krismasi ya mwaka wa kwanza? Nikamwambia.

"Na siku ya mwisho?"

Hiyo nilikuwa naiogopa kuliko zote. Nikamwambia kwamba asubuhi ile bibi aliniuliza kama mtoto wake amefika, na mimi nikamjibu yuko njiani. Akasema vizuri. Hakusema tena.

"Ulimjibu kwa Kiitaliano?"

"Ndiyo."

Akauliza nilikuwa naogopa nini. Nikamweleza habari za fomu, na kambi, na yale mahojiano matano. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, na nilipomaliza nikaona kwamba hayo hayakumsaidia kitu. Nikamwomba msamaha. Alikuwa anatazama mlango wake mwenyewe, niliouacha wazi.

"Alikuwa ananituma mlangoni tu," akasema. "Ningeenda. Unaelewa? Kila mara aliponituma, ningeenda."