Kwenda Moa kwa Mwana Niliyemtangaza Kanisani

Nilikwenda Moa kumwomba radhi mwanangu. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nilitumwa na kanisa kupeleka Injili, au nilikwenda kupunga upepo. Upepo tunao hapa Tanga, na Injili mimi nimeipeleka mno, mpaka nikaifikisha mahali ambapo ilipaswa kukaa kimya.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Makorora, na kazi ya mikono yangu ni ushonaji. Nashona suti za wanaume na majoho ya kwaya. Mke wangu alifariki mwaka juzi, tukabaki wawili ndani ya nyumba, mimi na mwanangu wa pekee, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwimbaji katika kwaya ya vijana. Jina lake silitaji. Jioni moja tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini akaniambia jambo. Halikuwa la wizi, wala la pombe, wala la binti wa watu. Lilikuwa jambo la ndani ya moyo wake, kati yake na Mungu, tangu siku tuliyomzika mama yake. Alilisema kwa shida huku anaangalia sahani, akamalizia, "Nimekwambia wewe tu, baba." Ni jambo gani hasa, sitaliandika. Nimeshalisema mara moja pasipostahili, yatosha.

Kanisani kwetu kuna kipindi cha ushuhuda. Mtu husimama akatoa la moyoni, na mzazi mwenye mzigo wa mtoto anaweza kumwita mbele, akamkabidhi kwa Mungu mbele ya watu wote. Nimewaona wazazi wengi wakifanya hivyo, na wengine niliwasukuma mimi mwenyewe wafanye. Jumapili iliyofuata nilisimama. Nilisema yote. Nilisema kwa sauti nzuri, na machozi juu, maana mimi maneno hayajawahi kunipiga chenga. Nikamwita mwanangu atoke kwenye kwaya, apige magoti, wazee tukamwekea mikono. Alikuja. Alikuwa amevaa joho nililomshonea mimi. Watu wakaitikia haleluya, mama mmoja akapiga vigelegele, nami nikarudi kwenye kiti changu mwepesi kabisa, nikajisemea kwamba leo nimemtoa mwanangu kwa Bwana kama yule baba aliyempandisha mwanawe mlimani. Habari hiyo ya mlimani nimeihubiri mara nyingi. Sijawahi kujiuliza yule mtoto alishuka mlimani na moyo gani.

Jumatatu asubuhi nilikuta joho limekunjwa vizuri juu ya cherehani yangu, na kitanda chake kitupu.

Ikapita miezi saba. Simu yangu hapokei. Mwisho fundi mwenzangu anayekwenda Horohoro kununua vitambaa akaniambia amemwona Moa, upande huo huo wa mpakani, kwenye mabwawa ya chumvi. Nikaamua kwenda.

Jumanne, saa moja asubuhi, mchungaji alifika nyumbani na watu wa kikundi cha maombi kuniaga. Walikuwa wametangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya safari yangu, bila kuniuliza. Mchungaji akanishika bega. "Nenda ukamrudishe, mzee. Jumapili tunangoja ushuhuda."

"Amina," nikasema.

Ilikuwa amina ya mdomoni tu. Ukweli ni kwamba tangu mwanangu aondoke nimeshindwa kuomba. Kanisani naongoza maombi bila taabu, maneno yanakuja yenyewe kwa mazoea. Lakini nikiwa peke yangu chumbani, nikafumba macho, naona nazungumza na ukuta. Nilikuwa sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilijua tunavyofanya na habari za namna hiyo.

Basi letu lilipovuka daraja la Mto Zigi pale Amboni, nilianza kupanga maneno. Nilipata vipengele vitatu: kwanza toba, pili upendo wa baba, tatu mwaliko wa kurudi nyumbani. Mkonge ukapita kulia na kushoto, mstari kwa mstari, nami nikawa narudia vipengele vyangu kwa midomo mpaka abiria wa pembeni, mama mmoja wa Kidigo, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nakwenda kumwona mtoto. Akasema, "Ee, Mungu akupe njia nyeupe," akarudi kusinzia.

Duga nilishuka, nikapanda bodaboda kuelekea pwani. Barabara ni ya vumbi, inapita kwenye mihogo na minazi, na upande wa bahari wingu zito lilikuwa limeinuka. Mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa analitazama kila mara. "Leo watu wa chumvi wanalo," akaniambia.

Sikumwelewa mpaka tulipofika Moa, yapata saa sita. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yakaachwa juani siku nyingi mpaka yageuke chumvi, kisha chumvi inavutwa kwa reki za mbao na kulundikwa kandokando. Mvua moja tu ikiikuta wazi, kazi yote inakwenda na maji. Basi nilikuta watu wanakimbia. Mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya kiua alikuwa amesimama kwenye tuta anapiga kelele, "Funikeni! Jamani, funikeni!" Akaniona nimesimama na mkoba wangu na viatu vyangu vya ibada. "Na wewe ulosimama hapo, shika turubai!"

Nikaangusha mkoba, nikashika pembe ya turubai. Upepo ukataka kunitupa. Nilivuta, nikazungusha pembe chini ya jiwe, nikainua kichwa kumwangalia aliyeshika upande wa pili wa lundo. Alikuwa mwanangu.

Alikuwa amekonda, na miguu yake imepauka kwa chumvi. Alinitazama, mikono yake haikuachia turubai. "Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," nikajibu, na mvua ikaanza.

Jioni nilikaribishwa kwa yule mzee mwenye kofia. Anaitwa Mzee Omari, Mpemba, msimamizi wa mabwawa, na mwanangu anakaa kwake katika chumba cha uani. Mkewe, Bi Asha, alituandalia muhogo wa nazi na samaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Nilidhani watu hawa wameshaambiwa ni baba wa namna gani amekuja kula chakula chao, nikawa naangalia mkeka.

Mzee Omari akanisogezea sahani. "Kula, bwana. Nimefurahi kukuona. Huyu kijana wako kila siku ni baba, baba. Baba fundi wa suti, baba mtu wa kanisa anaheshimiwa Tanga nzima."

Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa anachambua miiba ya samaki.

"Nikamuuliza," akaendelea Mzee Omari, "mbona baba mwenyewe haji? Akasema, baba ana kazi nyingi, na mimi ndiye niliyeondoka bila kuaga, kosa ni langu. Nikamwambia basi, siku baba akija, mwombe radhi. Umemwomba?"

"Bado," akasema mwanangu. Akageuka kwangu mbele yao wote. "Nisamehe, baba, niliondoka bila kuaga."

Mimi nilikuwa nimechukua siri yake nikaisimika mbele ya watu mia mbili, na yeye miezi saba alikuwa amekaa na kosa langu ndani ya nyumba ya watu wa dini nyingine na hajamwonyesha mtu hata ncha yake. Nilipaswa kumwambia Mzee Omari ukweli pale pale. Sikuweza. Nikasema, "Nimekusamehe," na Bi Asha akasema alhamdulillahi, na mimi nikajiona mtu mwovu kuliko wote waliowahi kula muhogo katika ile nyumba. Nilimwonea wivu pia Mzee Omari, naliandika hilo kwa kuwa ni kweli. Mwanangu alimkatia samaki yule mzee upande wa nyama kama alivyokuwa akimkatia mama yake.

Jumatano asubuhi jua lilikuwa limerudi. Nilimfuata mwanangu bwawani. Malundo yaliyofunikwa yalikuwa salama, lakini chumvi iliyokuwa bado bwawani ilikuwa imekwisha, na yeye alikuwa anazibua mfereji kutoa maji ya mvua ili waanze tena. Vipengele vyangu vitatu vilikuwa vimenitoka.

"Mimi ndiye niliyekuja kukuomba radhi," nikasema. "Ulinipa jambo lako, nikalifanya langu. Nilitaka watu waone jinsi ninavyompenda Mungu, nikakutumia wewe."

Aliendelea kuchimba. "Nimeshakusamehe, baba. Siku nyingi."

"Basi turudi nyumbani."

"Hapana."

Alisimika jembe, akafuta jasho. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo, maana hasira ningeijibu. "Nitakuja kukuona. Krismasi nitakuja. Ukiugua nitakuja kukuuguza, usiogope. Ila mambo yangu ya ndani usiniulize tena. Ukiniuliza nitakwambia sijambo."

"Hata mimi? Mimi baba yako?"

"Wewe ndiye niliyekwambia," akasema.

Nilikaa kwenye tuta. Nilitaka kulia na machozi hayakuja, yale yale machozi yaliyokuja upesi siku ya ushuhuda. Nilifahamu kwamba nimempata mwanangu na nimempoteza kwa wakati mmoja. Nitamwona mezani, nitamshonea shati, atanizika, lakini ule mlango alioufungua jioni moja akiwa anaangalia sahani, hautafunguka kwangu tena. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mzee Omari nilichomfanyia. Alinishangaa kidogo.

"Nimwambie nini? Wewe ni baba yangu."

Saa tano alinisindikiza mpaka njiani kungoja bodaboda. Bi Asha alikuwa amenifungia mkate wa kumimina kwenye gazeti, na Mzee Omari alinipa mfuko mdogo wa chumvi, ile iliyookolewa. Tukasimama tu, baba na mwana, kila mtu anaangalia barabara. Pikipiki ikasikika mbali. Sijui kilichonisukuma, nadhani ni kule kuona kwamba muda unakwisha.

"Mwanangu," nikasema, "mimi siwezi kuomba."

Akanigeukia.

"Tangu ulipoondoka. Nasimama mbele naongoza watu, lakini nikiwa peke yangu hakuna kitu. Nafumba macho hakuna mtu. Naogopa."

Hakunihubiria. Hakuniambia nifunge wala nikemee. Alikuja karibu, akanikunjua ukosi wa shati uliokuwa umekunjamana kwa mkanda wa mkoba, kama ninavyowakunjua wateja wangu wakija kujaribu suti.

"Sitamwambia mtu, baba," akasema.

Pikipiki ikafika, nikapanda. Duga, mkonge, daraja la Zigi, vyote vilinipita na sikupanga maneno yoyote. Mkoba ulikuwa magotini na ile chumvi ndani yake.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari za mfungo zilikuwa zimeenea. Kipindi cha ushuhuda kilipofika, mchungaji hakungoja nisimame. "Bwana asifiwe! Mzee wetu amerudi kutoka Moa. Mzee, tuambie, Bwana ametenda nini kwa kijana?"

Nikasimama. Nilikuwa na kila kitu cha kuwaliza: mvua, turubai, Mpemba mwenye huruma, msamaha juu ya muhogo. Ningeweza kuwainua watu wote kwenye viti.

"Mwanangu hajambo," nikasema. "Anafanya kazi, na anakaa kwa watu wema."

Wakangoja. Mchungaji akainama kidogo. "Na moyo wake je, mzee? Amerudi kwa Bwana?"

"Hayo ni yake."

Nilisikia feni.

"Siku ile nilisema nimemkabidhi kwa Mungu," nikasema. "Sikumkabidhi. Nilimleta kwenu. Leo namwachia Mungu kweli, na ndiyo maana sina la kuwaambia. Niombeeni mimi."

"Tukuombee nini, mzee?"

"Niombeeni tu."

Nikatoka kwenye kiti, nikapiga magoti pale pale alipopiga mwanangu. Sakafu ya saruji ina changarawe ndogondogo zinazouma. Miaka yote niliyowawekea watu mikono sikuwa nimelijua hilo. Wazee wenzangu wakaniwekea mikono, ikawa mizito. Waliomba kwa sauti kubwa. Wengine waliguna kwa huruma, wengine nadhani walikuwa wanakisia dhambi yangu, na nikajua sasa jinsi inavyokuwa kukaa chini ya mikono hiyo na huku watu wanakukisia. Nikafumba macho. Hakukuwa na mtu. Nikamwambia huyo nisiyemwona: mtoto ni wako, sina tena cha kukupa wala cha kukuonyesha. Hakujibu. Walipomaliza wakasema amina, wakarudi kwenye viti, na kwaya ikaanza kuimba na pengo la sauti ya mwanangu ndani yake. Mimi nikabaki chini.