Matanga Kwenye Ngazi

Levina Lugembe alirudi Isevya mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika, akalala siku mbili mfululizo nyumbani kwa mama yake mdogo, Adelina. Majirani waliokuja kumwona Mwinjilisti wa Ulaya waliambiwa amechoshwa na safari. Haikuwa safari. Uchovu wa safari mtu huulala ukaisha.

Miaka sita kanisa la Moravian lilikuwa limemtuma Denmaki, nchi iliyowahi kutuletea wamisionari na manesi wao, na ambayo siku hizi makanisa yake yamebaki na wazee na baridi. Alipoteuliwa, mtaa mzima ulijiona. Wanyamwezi tumebeba mizigo ya watu wengine mpaka Bagamoyo tangu enzi za misafara. Safari hii tulipeleka mzigo wetu wenyewe.

Sasa Alhamisi baraza la wazee lingekaa kuamua kama arudi huko miaka mingine mitatu au abaki. Levina alijua swali la kwanza litakuwa lipi, maana ndilo wanaloulizwa wainjilisti wote, hata yule wa kijiji cha Lusu anayezunguka na baiskeli: wamebatizwa wangapi? Kwake hakubatizwa hata mmoja. Katika barua zake kwa baraza aliandika kwamba kazi inaendelea. Hakudanganya, ila hakusema inaendelea kwenda wapi.

Kule hawakumfukuza. Angefukuzwa, angalau angekuwa na la kusimulia. Walimfungulia mlango, wakamsikiliza wakitabasamu, wakasema asante, wakafunga taratibu. Ibadani walikuwa wazee kumi na mmoja, na mmoja wao alifuata kinanda tu. Kuna asubuhi alisali amekaa kitandani na koti lake, moyoni hasikii chochote, akasali kwa kuwa saa ya kusali imefika.

Jumatano, wakichambua uyoga uani, Adelina alimpa shauri.

"Sema kumi. Nani atapanda ndege akahakikishe?"

"Mungu anajua, mama."

"Mungu alikuwepo, ameona ulivyoteseka. Hao wazee ndio hawakuwepo."

Levina alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Lakini kesho yake, Mzee Elieza, mwenyekiti wa baraza, alipomaliza salamu na sala na kuuliza, alijibu, "Hakuna, baba."

Ndipo Mama Flavia, kiongozi wa akina mama, mtu asiyepakapaka maneno mafuta, akamuuliza, "Hata mmoja? Basi ulikuwa unafanya nini huko?"

Levina akawasimulia. Katika jengo alimokaa, mzee wa ghorofa ya chini alikufa, akakutwa siku ya nne. Gari likaja likamchukua, mlango ukafungwa, na mchana ule ule watu wakapita na mifuko ya sokoni. Hakuna aliyelia wala kuwasha jiko. Yeye hakuweza kupita. Alitandika mkeka kwenye ngazi mbele ya mlango ule, akakaa matanga peke yake siku tatu, na chupa ya chai. Msimamizi wa jengo alimuuliza kama amepoteza ufunguo. Siku ya tatu akashuka Birgit, bibi wa ghorofa ya juu ambaye miaka yote hakuwahi kuitikia salamu, akiburuta kiti kwa kuwa magoti hayamruhusu kukaa chini. Walikaa mpaka jioni bila neno. Akiondoka aliuliza, "Nami nikifa, utakaa?"

"Nikamwambia nitakaa," alisema Levina.

"Anaamini, huyo?" Elieza aliuliza.

"Hapana, baba. Ameniambia kabisa nisimletee habari za Mungu."

"Sasa mwanangu, unarudi kufanya nini?"

"Kumsalimia, na siku yake ikifika, kumkalia matanga. Naamini Yesu yuko pale kwenye ngazi, hata kama hakuna anayemuulizia. Siku nyingine hata hilo siliamini vizuri. Hapo nakaa tu."

Wazee walibishana saa nzima. Mmoja alisema kuna vijiji Nzega vinaomba mwinjilisti kila mwaka, watu wanajaa mpaka nje. Ni akili gani kumpeleka mtu mzima akakae ngazini? Hoja ilikuwa nzito, na Levina mwenyewe aliikubali kwa kichwa.

"Nzega mtu akifa," alisema Flavia, "atakosa wa kumkalia?"

Mwishowe Elieza alitamka miaka miwili, si mitatu, tena akamwonya kuhusu barua. Kama hana kitu, aandike hana kitu. Wao wataomba hivyo hivyo.

Levina alishukuru, akatoka kwenye manyunyu. Miguu ilikuwa mizito kuliko alivyokuja. Tangu arudi alikuwa akitamani, bila kumwambia mtu, wamkatalie kwenda tena. Alifika nyumbani, akamwambia Adelina ni miaka miwili, kisha akaomba maji ya kuoga.