Goti la Mwalimu Wafula

Siku yangu ya kwanza kama mkufunzi mgeni nilifika Thika na mkoba wa nguo na woga mwingi. Nilikuwa nimetumwa kufundisha kozi ya karate ya wikendi katika ukumbi wa kanisa, upande wa Chania. Kabla sijaondoka, Mkufunzi Mkuu wetu alinipa somo moja tu, wala hakulipamba.

"Njeri, unaenda kwa boma ya mtu. Usirekebishe kitu kabla hujaongea na mwenye boma. Umeskia?"

Nilisikia. Vijana wa siku hizi huingia kwenye dojo ya watu, yaani ukumbi wa mazoezi, wakaanza kunyoosha mikono ya wanafunzi hata chai hawajanywa. Sisi tulifuata ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilifanya kazi hiyo chini ya wakuu watatu, na zaidi ya hilo sijui jambo jingine walilokubaliana hao watatu.

Kozi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Ruiru, mtaa wa Kiuu, kwa Mwalimu Wafula. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa magharibi mwa Kenya, na jioni alifundisha kwenye ukumbi nyuma ya nyumba za kupanga. Mwanafunzi wake Nyambura, muuza matunda, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mkanda mweusi, wa kwanza kutoka dojo ile. Wafula alinieleza mambo yalivyo bila kuzunguka.

"Akianguka, Madam, wazazi watapeleka watoto Membley. Huko kumefunguliwa klabu iko na mikeka na vioo. Mimi niko na simiti."

Niliwapanga mistari, nikaomba teke la mbele. Teke hilo huanza na goti kupanda moja kwa moja. Wao, wote, waliburuta kwanza mguu wa kulia na kuinamisha bega, ndipo wakapiga. Nikadhani ni mtindo wa shule fulani nisioujua. Kisha Wafula akaenda kufunga dirisha, nikamwangalia anavyotembea.

Karate hufundishwa kwa macho. Mwanafunzi mzuri haulizi sababu. Huiga mpaka mwili uzoee. Wanafunzi wa Wafula walikuwa wazuri mno. Walikuwa wameiga kila kitu, pamoja na ugonjwa wa goti.

Watahini wangemfelisha Nyambura kwenye teke lake la kwanza. Lakini kumsahihisha mbele ya mwalimu wake kulikuwa sawa na kumvua Wafula mkanda hadharani. Nikasubiri chai.

"Mwalimu, goti lako liliumia lini?"

"Ah, kitambo. Chuma kiliniangukia huko kiwanda. Kwani?"

"Wanafunzi wako wote wanachechemea."

Alicheka. Kisha akageuka kuwatazama wale waliokuwa wakijaribu mateke huku wakitafuna mandazi, na kicheko kikaisha. Nilimhurumia sana.

"Utawaambia wewe?" aliuliza.

"Boma ni yako."

Akaweka kikombe chini, akasimama mbele yao na kukunja suruali mpaka kovu likaonekana.

"Oneni. Hii si karate. Hii ni goti. Hii mniachie mimi."

Nyambura ndiye aliyeangua kicheko kwanza, wakafuata wote, na Wafula akacheka kuwashinda. Kozi iliyobaki tulifanya kazi moja tu, kuinua goti moja kwa moja. Nyambura alipita mtihani, na wazazi wakawaacha watoto wao palepale kwenye simiti.

Sasa nimestaafu na nyonga yangu haitaki ngazi. Mwaka jana tulimzika Wafula kwao, na dojo akaachiwa Nyambura. Juzi alinialika nikae tu nitazame. Mateke yao yalikuwa safi, sikuona kasoro. Lakini kabla ya kuinama kufunga mazoezi, Nyambura alitoa amri ya teke la mwisho, na mstari mzima ukaburuta mguu wa kulia, ukainamisha bega, ukapiga.

"Hiyo ni ya Mwalimu," Nyambura aliniambia. "Kuna kitu ya kurekebisha, Madam?"

Mwenye boma alikuwa ameuliza. Macho yalikuwa yamenijaa, lakini kazi ni kazi. Nikamwambia waburute zaidi kidogo. Wafula alikuwa akichechemea zaidi ya hapo.