Mbuzi ya Kutundikwa Ukutani

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja ya Westlands inayosaidia wavumbuzi kuandaa maombi ya hataza, ile haki ya kuzuia watu wasiibe ubunifu wako. Mbele yangu, mama wa Kipwani mwenye buibui alimpa karani maelezo yake. Karani akasoma kwa sauti, nyusi zikipanda: "Mbuzi hii ina meno ya chuma. Mpishi huikalia mgongoni. Akimaliza, huikunja miguu na kuitundika ukutani."

Akaiweka karatasi chini polepole. "Mama, huku ni kutesa mnyama."

"Mnyama gani, mwanangu? Mbuzi ya kukunia nazi!" Mama akakunjua mchoro, kisha akaitoa mbuzi yenyewe kikapuni na kuikunja, tap!

Karani akaruka kitini. "Wacha! Kumbe inajikunja? Mama, hii ni moto! Lakini andikia mtu ambaye hajawahi kuona nazi ikikunwa."

Mama akafuta "mbuzi" kote, akaandika "kigoda cha kukunia nazi", akaondoka akichekelea. Nikafurahi kwamba sasa tunaelewana sote.

"Mama!" karani akapaza sauti. "Umesahau mbuzi yako!"

Waliokuwa wameingia na kuketi punde hiyo wakainua miguu na kuchungulia chini ya viti.