Jina la Bishar Ogle kwenye Albamu

Mwalimu Rukiyo Abdiwali alifundisha shule ya msingi hapa Garissa mpaka akastaafu, na hakuna mzazi wa mtaa wa Bulla Iftin aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mumewe, Bishar Ogle, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Elwak, alipofariki aliacha wajane wawili katika ua mmoja: Rukiyo mke mkubwa, na Deka mke mdogo. Rukiyo alijaliwa binti mmoja, naye ameolewa Takaba. Deka alijaliwa Ayanle. Na Ayanle, badala ya kuuza ngamia, alipiga gitaa na kuimba.

Bendi yake ya roki, vijana wanne, iliitwa Jilaal, yaani kiangazi. Walifanyia mazoezi katika chumba cha kukodi nyuma ya ghala la saruji, kuta zimefunikwa magodoro. Hakuna kampuni ya muziki iliyowataka. Basi wakafanya kama watu wao wafanyavyo mtu anapooa au anapolazwa hospitali: wakaitisha qaaraan, mchango wa jamaa, ila jamaa safari hii walikuwa mashabiki. Wa Wajir wakatoa, wa Liboi wakatoa, hata wa Minnesota. Na kwa kuwa mchango usiotajwa mtoaji ni kama haukutolewa, Jilaal wakaahidi kwamba wimbo wa mwisho wa albamu utasoma majina ya wote.

Hapo ndipo Rukiyo alipoanza kukosa raha.

Gitaa lenyewe alikuwa ameshalihukumu. "Nyumba hii haikujulikana kwa kelele," alimwambia Ayanle mbele ya wageni. "Sawa, Eeddo," kijana akajibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mke wa baba, akaondoka na gitaa lake. Lakini Deka aliuza mbuzi wake kuichangia bendi, na majirani wakamwita Mama Albamu. Kila aliyepita langoni aliuliza, "Deka, albamu lini?" Hali ya Rukiyo waliiuliza huku wameshageuza mgongo. Wivu ulimfukuta kama samadi iliyowashwa: moshi mwingi, moto hauonekani.

Akafikiri atoe naye. Lakini kwa jina gani? Kwao mke habebi jina la mumewe. Lingesomwa "Rukiyo Abdiwali", jina la ukoo mwingine kabisa, na msikilizaji wa Minnesota angejuaje kwamba huyu ndiye mkubwa wa nyumba? Deka angekuwa mama wa mwimbaji, yeye shabiki tu. Akachukua simu, akatuma mchango kwa siri, na palipoulizwa jina la kusomwa akaandika: Marehemu Bishar Ogle wa Elwak. Jina hilo lilimfunika Deka. Na Rukiyo aliolewa na mwenye jina hilo Deka akiwa bado anang'oka meno ya utoto.

Albamu ikatoka. Alasiri hiyo wanawake wa mtaa walijaa uani kuisikiliza, na Rukiyo akajitia anaanua nguo. Wimbo wa mwisho ukafika, majina yakapita juu ya gitaa moja moja. La Deka likapigiwa vigelegele. Kisha sauti ya Ayanle ikashuka: "Marehemu Bishar Ogle, wa Elwak." Wanawake wakafuta machozi, wakainuka kumshika mkono Deka. Ayanle alidhani mtoaji ni mama yake. Mama yake alidhani ni mwanawe. Rukiyo akabaki na shuka mkononi.

Kesho yake Hirsi, ndugu wa marehemu, aliingia ametoka msikitini moja kwa moja. Mali itolewayo kwa jina la maiti ni sadaka inayomfuata kaburini: kisima, mayatima, chuo cha Kurani. Rukiyo alilijua hilo tangu utotoni. Wivu ndio uliomsahaulisha.

"Deka," Hirsi alisema amesimama, "watu wananiuliza tangu lini ndugu yangu anachimbiwa kisima cha magitaa."

"Kaa kwanza, shemeji, unywe chai."

"Chai sitaki. Nani amemtolea marehemu sadaka kwa bendi?"

Rukiyo alikuwa mkekani akichambua mchele. Akinyamaza tu, aibu yote ingemwangukia mwenzake. Akanyamaza, na mchele ukachambuka vizuri.

Deka, akidhani anamkinga mwanawe, akasema, "Ni mimi. Nilimpenda mume wangu. Leo mpaka Marekani wanamjua. Lawama niachie."

Mume wangu. Rukiyo akaweka ungo chini.

"Mwongo," akasema taratibu. "Ni mimi."

"Shemeji Rukiyo, usimfiche mwenzako."

"Nimfiche kwa lipi? Hukusikia 'wa Elwak'? Mimi ndiye niliyemkuta Elwak, mwembamba, na ngamia watatu. Huyu alimkuta Garissa, kitambi kimeshatoka."

Deka akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Abaayo, dada yangu, kumbe nawe shabiki."

"Si shabiki wa mtu."

Hirsi alikuwa amejiandaa kumkemea mke mdogo. Mbele ya mwalimu akakaa chini. "Sasa msikitini nitawaambia nini?"

"Waambie ni mke mkubwa."

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Soko Mugdi, kwamba mwalimu mzima, na heshima zake, amempeleka marehemu kwenye roki. Walimsema sana. Lakini aliyesemwa alikuwa yeye, si Deka, na Rukiyo alipoletewa maneno hayo akaomba kikombe cha pili cha chai.