Kitambaa Changu Kwenye Mashine Yake

Nimefua nguo za watu tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni, na sijawahi kurudisha shati likiwa chafu kuliko nilivyolipokea. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna mwanamke kule mtaa wa Jamhuri aliyesema vingine, na nilikuwa nimemfulia kwa miaka.

Mimi hutoka Kangemi asubuhi, nikafulia nyumba nne za ua mmoja, yake ikiwemo. Kwake nilitumia beseni, na maji nikayateka kwenye pipa la nyuma ya jikoni, yale ya bomba la kanjo, baraza la jiji, yanayokuja siku mbili kwa wiki. Kisha akanunua mashine ya kufulia. Fundi akaiunganisha na tangi la juu ya paa, akatuonyesha vitufe, akaenda zake. Haukupita muda mashati meupe ya shule ya watoto wake yakaanza kutoka na madoa ya kahawia, mengine kwenye kola, mengine mgongoni.

"Mama, hizi nguo ulichanganya na nini?"

"Sijachanganya na kitu, madam."

"Basi ongeza dawa ya kung'arisha. Na safari hii uwe serious."

Nikaongeza. Madoa yakazidi. Akasema niongeze tena, mashati yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mimi si mtu wa kulaumiwa nikiwa nimekunja mikono. Nilipangusa raba ya mlango wa mashine, nikachomoa droo ya sabuni nikaisugua kwa mswaki, nikaizungusha mashine bila nguo. Wapi! Nguo zilizofuata zilitoka vilevile.

Halafu jirani wa mlango wa pili, ambaye pia namfulia, akanisimamisha langoni. "Usikuje hii wiki kwanza. Nimeskia unaharibu nguo." Sikuhitaji kuuliza ameskia kwa nani. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Kazi yangu haina cheti wala barua ya sifa. Ina jina tu, na jina langu lilikuwa linatembezwa mlango kwa mlango.

Siku hiyohiyo niliinua kifuniko cha tangi la choo la nyumba yenye mashine, linalojazwa na tangi lilelile la paa. Humo maji hukaa bila kuguswa na mkono wa mtu, wangu wala wa mwingine. Kuta za ndani zilikuwa na utando wa kutu. Nikamuuliza mlinzi, naye akasema siku hizi tangi la paa linajazwa maji ya kisima kilichochimbwa nyuma ya ua. Basi nikaelewa. Nyumbani Ukambani tulikuwa na kisima cha namna hiyo, chenye madini ya chuma ndani ya maji, na mama yangu hakuruhusu dawa ya kung'arisha isogee karibu nayo. Dawa hukigeuza chuma kuwa kutu, na kutu ikang'ang'ania nguo. Kadiri tulivyoongeza dawa, ndivyo tulivyozipaka rangi nguo za watoto wake.

Nilimweleza madam. Akatabasamu. "Hii mashine ni mpya, mama. Haiwezi kuwa na makosa."

Jumamosi nilikuja na kitambaa changu cha kichwa, kile cheupe cha chama cha akina mama kanisani. Sina kingine. Nikamwekea mkononi.

"Weka wewe," nikasema. "Sabuni weka wewe. Dawa weka wewe. Bonyeza wewe. Mimi naketi hapa kwa stuli."

Aliweka, nadhani ili aninyamazishe. Nikaketi mikono magotini muda wote mashine ikinguruma. Niliomba kimoyomoyo, na sikuwa naomba kitoke cheupe.

Kilitoka na doa pana la kahawia katikati, pale panapokaa kwenye paji la uso. Alikigeuza huku na huku.

"Woi. Pole sana, mama. Nitakununulia ingine."

"Sitaki kingine."

Kazi ni kazi, kwa hiyo nilikamulia mashati ya watoto ndimu, nikanyunyiza chumvi, nikayaanika juani, kisha nikayasuuza kwa maji ya pipa. Shati la kwanza doa lilififia, la pili likatoka kabisa.

"Leta na yako nipake ndimu," akasema, sauti imeshuka.

"Acha." Nikakifunga kichwani hivyohivyo, doa mbele.

"Basi wacha nipigie jirani simu, nimwambie haikuwa wewe."

"Ulimwambia mkiwa mmesimama mlangoni. Twende mlangoni."

Tukavuka ua, yeye nyuma yangu. Jirani alifungua, akanitazama kichwani, akamtazama mwenzake.

"Na hiyo kitambaa imefanya nini?"

Nilimgeukia yule aliyekuwa nyuma yangu.

"Mwambie ni nani amekiosha."